Uzito Wetu na Afya Yetu: Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Maadhimisho ya Miaka Kumi ya Kikundi



Miaka kumi si mchezo. Tulianza tukiwa wanawake 22 chini ya mkwaju, hisa moja shilingi 1,000, sanduku la bati na kufuli tatu. Watu wakasema hawa akina mama watagombana kabla ya masika. Masika kumi yamepita na leo tuko 28. Katibu ameshawasomea risala, mmesikia habari za mikopo, mabati, ada za shule na mbuzi. Hayo yote ni kweli na tunajivunia. Sisi tumepewa nafasi ya kuzungumza jambo moja tu, na tumechagua lile ambalo halimo kwenye risala kwa sababu halitupi sifa. Tunataka kuzungumza juu ya uzito wa mwili, na juu ya mwenzetu mmoja.

Watoto wake wako hapa. Tumewaomba ruhusa na wametupa. Jina lake hatutalitaja, wenyewe mnamjua. Alikuwa mtunza ufunguo wa kufuli la pili tangu siku ya kwanza. Alikuwa akiuza vitunguu na nyanya pale barabarani mabasi yanaposimama. Alikuwa na mwili wake, na sisi tulimsifu kwa huo mwili, maana kwetu mwanamke akinenepa tunasema ametunzwa.

Wanachama mnakumbuka mwaka wetu wa tano tulinunua mizani ya kusimama kwa fedha za faini za uchelewaji. Mwenzetu mmoja aliyestaafu uuguzi ndiye aliyeshauri, kwa sababu presha na sukari zilikuwa zimetuingia. Tukakubaliana kupimana kila baada ya miezi miwili na kuandika kwenye daftari. Daftari lipo. Tulilifungua tena wiki iliyopita wakati wa kuandaa hotuba hii, na tunawasomea mstari wake kama ulivyo. Januari, kilo 92. Machi, kilo 87. Mei, kilo 82. Julai, kilo 76.

Jamani, mistari hiyo tuliiandika wenyewe, kwa mikono yetu, na hakuna aliyeisoma. Ingekuwa ni fedha, ingekuwa sanduku limepungua shilingi elfu kumi na sita, tungelala palepale. Tungehesabu mara tatu. Tungewaita watunza ufunguo wote na waume zao. Mwenzetu amepungua kilo kumi na sita ndani ya miezi sita na sisi tukafunga daftari tukaendelea na mikopo.

Na tulisema nini? Wengine tulimwambia, "Shoga umependeza, tupe siri." Wengine tulinong'ona. Sisi wa umri huu tulikuwa wasichana wakati ule UKIMWI unaingia. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kule waliuita Juliana. Wenzetu wa Uganda waliuita kwa jina la kukonda. Kwa miaka mingi mtu akikonda hukumu ilikuwa moja tu: amekanyaga miwaya. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure hapa nchini mwaka 2004, na leo mwenye virusi anayetumia dawa anaweza kunenepa kuliko sisi. Lakini ulimi wetu haukupata habari hizo. Mwenzetu alisikia tunayosema, akaanza kuvaa kanga mbili na sweta ili asionekane. Alipima virusi mara mbili na mara zote mbili hakuwa navyo. Hakutuambia, kwa sababu hakuna aliyemwuliza kwa wema.

Katikati ya hapo, mwezi wa nne, alikwenda kupima kwenye kituo kimoja akaambiwa ana sukari. Akaambiwa kupungua kwake ni kuzuri, aendelee hivyohivyo. Ndugu zangu, ushauri wa kupungua si ushauri mbaya kwa mwenye sukari. Ubaya ni kwamba hakuna aliyemwuliza swali dogo: wewe mama, umekusudia kupungua? Umepunguza chakula? Yeye hakuwa amekusudia chochote. Chakula kilikuwa kinamkataa. Mwezi wa tano likaja tumbo la juu, maumivu yanapenya mpaka mgongoni, usiku anakaa ameinama mbele ndipo apate nafuu. Akanunua dawa za mgongo. Akanywa dawa za minyoo na za vidonda vya tumbo. Mwisho wa Julai macho yakawa ya njano, mkojo kama chai ya rangi, choo cheupe kinachoelea, na mwili kuwasha usiku kucha. Hapo ndipo tulipochangishana nauli akaenda Moshi hospitali ya rufaa.

Walimpiga picha za tumbo. Ilikuwa saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imeshafika kwenye ini. Waganga walimfanyia upasuaji wa kuipa nyongo njia nyingine ya kupita, manjano yakashuka na mwasho ukaisha, lakini uvimbe wenyewe hawakuweza kuutoa. Alikaa nasi miezi saba. Alifariki mwezi wa tatu, mvua zikianza.

Baada ya msiba tulikaa na yule mwenzetu muuguzi, na binti wa mwanachama mmoja aliyekuwa akisomea uuguzi, tukauliza maswali yetu yote. Mengine waliyajibu siku hiyo hiyo, mengine walikwenda kuyatafuta kwa walimu na madaktari. Sisi elimu yetu ni darasa la saba, kwa hiyo tutayasema kama tulivyoyaelewa.

Kwanza, kongosho ni nini. Ni kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Kina kazi mbili. Kinatengeneza maji ya kusaga chakula, hasa mafuta, na kinatengeneza insulini inayotawala sukari. Kwa kuwa kimejificha, uvimbe wake hauonekani wala haushikiki kwa mkono mapema. Ni sawa na mwizi aliyeingia chumba cha nyuma wakati sisi tumekaa barazani. Hata Marekani, kwenye mashine zote, takwimu zilizotolewa mwaka 2025 zinaonyesha kwamba kati ya watu 100 wanaogundulika, wanaofikisha miaka mitano ni 13 tu. Na wanaogundulika mapema kiasi cha kufaa upasuaji wa kuutoa uvimbe hawafiki 20 kati ya 100.

Pili, uzito unahusikaje. Hapa ndipo tulipochanganyikiwa, maana tuliambiwa mambo mawili yanayoonekana kugombana. Tuliambiwa unene unafupisha maisha ya mgonjwa wa saratani hii. Tena tukaambiwa kukonda kunafupisha maisha yake. Mama mmoja akauliza, sasa tuwe nani? Swali lake lilikuwa la haki. Jibu ni kwamba mambo hayo ni ya nyakati mbili tofauti.

Wakati wa kwanza ni ile miaka mingi kabla ya ugonjwa. Waganga wanatumia kipimo: chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa mita, halafu gawanya tena kwa urefu huo huo. Ukipata 25 au zaidi, uzito umezidi. Ukipata 30 au zaidi, huo ni unene wa kupindukia. Kwa mwanamke wa urefu wa mita 1.60, ile 25 ni kilo 64, na ile 30 ni kilo 77 hivi. Mwaka 2016 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliorodhesha saratani 13 ambazo mtu hupunguza hatari yake kwa kuepuka mafuta ya mwili yaliyozidi. Kongosho imo. Imo pia ya matiti kwa waliokoma hedhi, na ya nyumba ya uzazi.

Mwaka 2009 watafiti wa hospitali ya saratani ya MD Anderson huko Houston, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 841 wa saratani ya kongosho, wakiwalinganisha na watu 754 wasio nayo. Waliwauliza uzito wao tangu ujana, muongo hadi muongo. Waliokuwa na uzito wa kawaida, umri wa kati wa kupata ugonjwa ulikuwa miaka 64. Waliozidi uzito, 61. Wanene wa kupindukia, 59. Tena waliozidi uzito kuanzia umri wa miaka 30 na kuendelea waliishi muda mfupi zaidi baada ya kuugua, hata ukilinganisha wale ambao ugonjwa wao ulikuwa umefika hatua ileile. Mwaka 2013 watafiti wa Boston walitoa matokeo yanayofanana: waliokuwa na kipimo cha 35 na zaidi kabla ya kuugua, hatari yao ya kufa ilikuwa kubwa zaidi kwa karibu nusu kuliko ya wale walio chini ya 25. Na walichokiona ni kwamba uzito wa miaka kumi na minane hadi ishirini kabla ya ugonjwa ndio uliokuwa na uzito zaidi kwenye hesabu. Yaani ile mizani ya leo ya binti zetu wa miaka thelathini na kitu ndiyo inayoandika daftari la baadaye.

Wakati wa pili ni ugonjwa unapokuwa umeshaingia. Hapo mambo yanageuka. Wagonjwa wengi wa kongosho, karibu wanane katika kumi, wanapogundulika wanakuwa wameshapungua uzito. Si kwa sababu hawali tu. Uvimbe unauchochea mwili kujila wenyewe, misuli na mafuta pamoja, na unaondoa hamu ya chakula. Waganga wanaita hali hiyo kakeksia. Tena maji ya kusaga chakula hayafiki, kwa hiyo hata kile kidogo alichokula mafuta yake yanatoka na choo, ndiyo maana kinaelea. Anayepoteza misuli anakosa nguvu ya kustahimili dawa za saratani na upasuaji, dawa zinamlemea, anaziacha njiani. Kipimo cha kushtuka walichokubaliana wataalamu mwaka 2011 ni hiki: mtu mwenye saratani akipungua zaidi ya sehemu 5 katika 100 za uzito wake ndani ya miezi sita bila kukusudia, hiyo ni hali ya hatari. Muuguzi wetu anasema kiasi hicho hicho kinatosha kumpeleka hospitali hata ambaye hajajulikana anaumwa nini.

Sasa turudi kwenye daftari letu. Kilo 92, sehemu 5 katika 100 ni kilo 4 na nusu na kidogo. Machi alikuwa ameshapungua kilo 5. Machi! Kengele ililia mwezi wa tatu na sisi tukaisikia mwezi wa saba.

Na kwa nini hatukuisikia? Kwa sababu hata alipofika kilo 76 bado alikuwa mwanamke mwenye mwili. Urefu wake ulikuwa mita 1.60. Kipimo chake kilitoka karibu 36 kikashuka mpaka karibu 30. Kwa macho alikuwa bado mnene, na mnene anayepungua anapigiwa makofi. Huo ndio mtego, akina mama. Mtu mnene anaweza kuwa anakufa njaa ndani, misuli inaisha na mafuta yanaficha. Angekuwa mwembamba tangu mwanzo tungepiga kelele mapema. Kwa hiyo tunawaomba: msiangalie mtu alivyo, angalieni anavyokwenda. Sandukuni pia hatuangalii fedha ni nyingi au chache, tunaangalia kama hesabu ya leo inafuatana na ya wiki iliyopita.

Tatu, tunapenda kusema hili ili mtu asirudi nyumbani na hofu au na lawama. Watu wengi wanene hawataugua kongosho maisha yao yote, na wembamba nao wanaugua. Uvutaji wa sigara unaiongeza saratani hii, vile vile uvimbe wa kongosho wa muda mrefu unaotokana mara nyingi na pombe kali, na kuwa na ndugu wa damu waliougua. Kwa hiyo asitokee mtu wa kumwambia mtoto wa marehemu kwamba mama yake alijitakia. Na kukonda si lazima iwe saratani. Inaweza kuwa kifua kikuu, sukari, vidonda vya tumbo, virusi, au mawazo ya nyumbani. Nyingi katika hizo zina tiba kabisa. Ndiyo sababu ya kwenda kupima badala ya kunong'ona.

Nne, sukari inayokuja ghafla. Mtu aliyepita miaka 50, hana historia ya sukari, ikamwanza huku anakonda bila kukusudia, amwambie daktari mambo yote mawili kwa pamoja. Uchunguzi uliofanyika Marekani ulionyesha kwamba katika watu 100 wa umri huo wanaoanza sukari, karibu mmoja hugundulika na saratani ya kongosho ndani ya miaka mitatu. Mmoja katika mia ni kidogo, tisini na tisa ni sukari tu. Lakini sisi tulikuwa na huyo mmoja.

Sasa tuseme juu ya ule muda wa miezi saba, kwa sababu pale pia tulikosea kwa upendo. Tulipojua anaumwa, kila mmoja alikuja na chungu. Makande, ndizi za nyama, perege wa Nyumba ya Mungu, uji wa lishe, supu yenye mafuta juu. Tulimlazimisha ale. Tuliamini akirudi kilo 92 atakuwa amepona. Yeye mwenyewe alimwuliza daktari, "Nikinenepa nitapona?" Daktari akamjibu kweli, bila ukali: chakula hakiuondoi uvimbe, lakini kila kilo unayoishikilia ni nguvu yako ya kukaa, kutembea na kuongea na watoto wako. Akamwandikia vidonge vya kusaidia kusaga chakula, vinavyofanya ile kazi ya kongosho, vya kumeza pamoja na mlo. Akasema ale kidogo kidogo mara sita kwa siku, mayai, maziwa, maharage, samaki, karanga zilizosagwa, na atembee hata hatua za uani ili misuli isikimbie.

Tulipoacha kumlazimisha na kufuata maelezo hayo, uzito ulisimama kwenye kilo 68 kwa karibu miezi miwili. Miezi miwili hiyo alikuja kikaoni mara tano. Alifungua kufuli lake mwenyewe. Alimwozesha binti yake wa pili, akasimama kwenye sherehe akacheza kidogo. Hatusemi alipona. Tunasema ule uzito ulimnunulia harusi ya mwanawe, na kwa mama hiyo si fedha ndogo.

Maumivu yalipozidi alipewa dawa ya maji ya morfini. Kuna waliosema hiyo ni dawa ya kulevya, au ni dawa ya kumaliza watu. Si kweli. Jirani zetu Uganda, tangu hospisi yao ilipoanzishwa Kampala mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, wamewapa wagonjwa majumbani dawa hiyo ya maji, na hapa kwetu Taasisi ya Saratani Ocean Road na hospitali nyingine zinaitumia. Inatuliza maumivu, mtu analala, anakula kidogo. Mtu asiye na maumivu ndiye anayeweza kula. Hilo nalo ni suala la uzito.

Tunapenda pia wanachama wajue tulipo. Zamani mgonjwa wa saratani kutoka huku milimani ilikuwa lazima afunge safari ya Dar es Salaam, Ocean Road, taasisi iliyofanywa chombo kinachojitegemea mwaka 1996. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, ilipata kituo chake cha saratani mwaka 2016. Kwa sisi wa Kifaru hiyo ni safari ya asubuhi na kurudi jioni. Kikwazo chetu siku hizi si barabara, ni kuchelewa kuondoka nyumbani. Na kwa saratani nyingine tuna bahati kuliko ya kongosho. Kongosho haina kipimo cha kuchunguza watu wote wasio na dalili. Shingo ya kizazi inacho, na ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu. Chanjo yake ilianza kwa majaribio hapa hapa mkoani Kilimanjaro mwaka 2014, ikawa ya nchi nzima mwaka 2018. Mama ambaye hajapima, na binti yake hajachanjwa, anaacha mlango wazi wakati ufunguo anao mfukoni.

Ndugu mgeni rasmi, sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tusimame. Katiba ya kikundi chetu, tuliyoitunga wenyewe, inasema mwanachama akilazwa atapewa shilingi 30,000 kutoka mfuko wa jamii. Akifariki, familia itapewa shilingi 300,000, sanda au jeneza, na wanachama wote kushiriki. Mwenzetu alipokuwa na maumivu mwezi wa tano alikuja kuomba mkopo wa kwenda kupima Moshi. Tulimkatalia. Alikuwa na mkopo mwingine haujaisha, na kanuni ni kanuni. Alisema, "Haya, hakuna neno," akafungua kufuli lake, akakaa mpaka mwisho wa kikao. Mwezi wa tatu mwaka uliofuata tulibeba shilingi 300,000 kwenda msibani, hesabu kamili, kwenye bahasha, na tukasaini.

Wenzetu, katiba yetu ilimthamini maiti mara kumi kuliko mgonjwa. Hatuwezi kusema kwamba angekwenda mwezi wa tano angepona. Ugonjwa huu hauna ahadi hiyo na hatutaki kuwadanganya watoto wake. Tunasema tu kwamba ile nafasi ndogo ilikuwa yake, na sisi ndio tuliokuwa tumekaa juu ya sanduku.

Kwa hiyo mchana huu wanachama tutapiga kura juu ya mambo matatu. La kwanza, kila mwanachama apimwe uzito kila baada ya miezi miwili kama zamani, lakini apimwe chumbani, na muuguzi wetu asome mstari mzima wa mwaka, si namba ya siku hiyo tu. La pili, mwanachama akipungua zaidi ya sehemu 5 katika 100 ndani ya miezi sita bila kukusudia, apewe nauli na fedha za vipimo siku hiyo hiyo, bila kusubiri kikao, na iwe ni haki yake, isiwe mkopo. La tatu, mchango wa mfuko wa jamii upande kutoka shilingi 500 hadi 1,000 kwa wiki, na rambirambi ishuke kutoka 300,000 hadi 200,000.

Tunajua wapo wanaopinga, na wana hoja. Wanasema mfuko utakwisha kwa sababu kila mtu anaumwa. Tumepiga hesabu. Wanachama 28 kwa shilingi 1,000 kwa wiki 52 ni shilingi 1,456,000 kwa mwaka. Leo tunakusanya nusu yake. Wanasema pia ni aibu kupunguza fedha za msiba, watu watatusema. Tunawajibu kwa heshima: wazee wetu walikuwa na msaragambo. Walikwenda kuchimba mfereji pamoja wakati wa kiangazi, mahindi yakiwa bado yanaweza kuokolewa. Hakuna aliyepiga baragumu la msaragambo baada ya shamba kukauka. Wapo wanaosema tungojee bima, maana Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Bima tujiunge, na tuhimizane. Lakini bima haiangalii daftari la mizani, na haimpandishi mtu basi la kwenda Moshi. Hiyo ni kazi ya jirani.

Kwa binti zetu tunaongeza neno moja. Mwaka 2010, kati ya wanawake 100 wa nchi hii wa umri wa kuzaa, waliozidi uzito walikuwa 22. Kufikia utafiti wa 2015 hadi 2016 walikuwa 28. Sisi tulikwenda gulioni kwa miguu, ninyi mnapanda bodaboda kwenda kwa jirani. Soda ilikuwa ya Krismasi na Idi, sasa ni ya kila kikao, na kikao chetu ni kimojawapo. Kuanzia wiki ijayo chai ya kikao ni ya tangawizi ya kwetu Pare, sukari kijiko kimoja. Hili hatulipigii kura, ni amri ya mwenyekiti.

Mwisho, ufunguo wa kufuli la pili. Tangu msiba umekuwa kwa mhazini, na kanuni hairuhusu mtu mmoja kukaa na funguo mbili. Yule binti aliyeolewa mama yake akiwa na kilo 68 amejiunga mwaka huu, ni mwanachama wa 28. Leo tunamkabidhi ufunguo wa mama yake mbele yenu. Hatumpi kwa huruma. Tumemwona anavyosoma daftari, mstari mzima, tangu juu mpaka chini.

Mama, njoo uupokee.

Akina mama, umoja wetu udumu.